Mkuki kwa Nguruwe: Nani Huitwa Mgonjwa Baltimore?

Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii inausawiri barabara msimamo wa Marekani kuhusu mihadarati. Mwaka 1986, kokeini ya kuvutwa ilipohusishwa na mitaa ya watu weusi, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kumfunga aliyenaswa akiuza gramu 5 kifungo kisichopungua miaka 5. Muuzaji wa kokeini ya unga alihitaji gramu 500 ili apate adhabu iyo hiyo. Uwiano huo wa 100 kwa 1 ulipunguzwa mwaka 2010 hadi 18 kwa 1, haukufutwa. Baadaye, dawa za jamii ya afyuni zilipoanza kuwaua weupe kwa maelfu, msamiati ulibadilika: "mhalifu" akawa "mgonjwa". Sisi wanafunzi wa lugha tunaujua uzito wa badiliko hilo. Mhalifu hutafutiwa askari; mgonjwa hutafutiwa tabibu.

Je, jina hili jipya limewafikia wote? Tuutazame mji wa Baltimore, ambao wakazi wake wengi ni weusi. Mwaka 2015 mkuu wa afya wa mji huo alimruhusu kila mkazi kupata naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na afyuni, pasi na kumwona daktari kwanza. Hatua hiyo iliokoa wengi. Hata hivyo, uchunguzi wa wanahabari uliochapishwa mwaka 2024 ulibainisha kwamba takriban watu 6,000 walikufa mjini humo katika muda wa miaka 6. Wanaume weusi wa umri wa miaka 50 na kitu hadi 70 na kitu, ambao ni asilimia 7 tu ya wakazi, walikuwa karibu asilimia 30 ya waliokufa. Baadhi yao walifia katika majengo ya makazi ya wazee, nyuma ya milango iliyofungwa.

Atakayepinga atauliza: dawa ni ile ile kwa wote, rangi inaingiaje? Jibu ni kwamba aliyezimia hawezi kujipa naloksoni. Sharti pawe na mtu wa pili. Kizazi hiki kilikuwa katika ujana wake sheria ya 1986 ilipopitishwa, na si ajabu kwamba kilijifunza kujificha. Kwa hivyo, kugawa sawasawa si kutenda haki. Mwaka 2024 kampuni kadhaa zilizohusika na biashara ya dawa hizo zilikubali kuulipa mji huo mamia ya mamilioni ya dola. Kwa maoni yangu, fedha hizo zianzie kwenye milango ya wazee hao: wawepo wahudumu wa kubisha hodi, na matibabu yawafuate waliko.

Nasi pia tujichunguze. Neno "teja" tunalolitupa ovyo katika mitaa ya Mombasa na Nairobi humvua mtu ubinadamu wake kabla hajafika kliniki. Haki huanzia kwenye jina.