Tupunguze Ada, Tusipunguze Fidia

Gharama za maisha zinapopanda, kila mwenye nyumba hufungua daftari lake akatafuta pa kupunguza. Mara nyingi kalamu huangukia bima ya nyumba, kwa kuwa ni fedha inayotoka kila mwaka na kwa macho hairudi na kitu. Nia hiyo si mbaya. Kuweka akiba ni tabia njema, wala mwananchi hana wajibu wa kulipa hata shilingi moja zaidi ya inayostahili. Lakini yafaa ieleweke kwamba ziko njia mbili za kupunguza ada. Moja hupunguza fedha zinazotoka mfukoni. Nyingine hupunguza kinga yenyewe, huku mwenye nyumba akidhani bado anayo.

Njia hiyo ya pili ndiyo yenye kudanganya. Tuchukue mfano wa mtu ambaye nyumba yake ingegharimu shilingi milioni 60 kuijenga upya, naye akaiandikisha kwa milioni 30 ili alipe nusu ya ada. Hujiambia kwamba moto hautakula nyumba nzima, na kwamba milioni 30 zitatosha kwa hasara yoyote ya kawaida. Siku jikoni kukishika moto na hasara ikawa milioni 10, hutazamia kulipwa zote. Hapo ndipo husomewa kifungu cha uwiano kinachopatikana katika mikataba mingi ya bima ya mali: aliyekata bima ya nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara. Atapewa milioni 5, na zilizobaki azitafute mwenyewe. Hapana dhuluma katika jambo hilo. Bima ni mchango wa wengi kwa ajili ya aliyepatwa, na aliyechanga nusu hana haki ya kudai sahani nzima.

Basi apunguze wapi? Kwanza, atoe thamani ya kiwanja. Ardhi haiungui. Anayeandikisha nyumba kwa bei ambayo angeiuzia, kiwanja kikiwemo, hulipia kitu ambacho hakitamletea fidia. Thamani inayohitajika ni gharama za kujenga upya: vifaa, ujira wa mafundi na kuondoa kifusi.

Pili, akubali kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya kila hasara, kwa kiasi anachokimudu. Kioo kilichovunjika si balaa la kumfilisi mtu. Anayebeba madogo huweza kupunguziwa ada, na kinga yake ikabaki kwa makubwa.

Tatu, asilipie mara mbili. Benki iliyomkopesha yaweza kuwa imekwisha kulikatia bima jengo hilo hilo kwa fedha zake. Mikataba miwili haileti fidia mbili kwa hasara moja.

Nne, aulize bei kwa zaidi ya mmoja. Katika Tanzania Bara, baada ya bima kutaifishwa mwaka 1967, Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake katika kazi hiyo mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia wengine mlango. Leo makampuni ni mengi, nayo yamo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyotokana na sheria ya mwaka 2009. Mwenye nyumba ahakikishe kwamba anayempa fedha zake amesajiliwa, kisha alinganishe bei kwa masharti yale yale.

Kulinganisha bei bila kusoma masharti ni hatari. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha na kupasua maelfu ya nyumba, wala halikuhitaji cheche ya moto. Mkataba unaotaja moto peke yake hauna la kumsaidia mwenye nyumba katika msiba wa namna hiyo. Vivyo hivyo, anayekaa bondeni na kufuta kinga ya mafuriko ili ada ishuke, amefuta kile alichokihitaji zaidi.

Aidha, kuficha ukweli si kuweka akiba. Anayehifadhi petroli chumbani, au aliyegeuza vyumba viwili kuwa nyumba ya wageni, kisha akaandika kwamba ni makazi tu, amempa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa.

Wapo wanaosema kwamba yote ni majaliwa, na bima ya nini. Kutawakali ni jambo jema, lakini mwenye kutawakali hufunga kwanza mlango wake. Fundi arekebishe waya za umeme zilizochakaa, mtungi wa gesi ukae mahali penye hewa, na kufuli iwe imara. Hayo hupunguza hatari yenyewe, na huenda yakampatia punguzo la ada akiuliza.

Nyumba ya mfanyakazi au mkulima hujengwa kwa miaka, tofali kwa tofali. Kabla ya kulipa ada ya mwaka ujao, kila mwenye nyumba na amwite fundi, amwulize leo kuijenga upya ni shilingi ngapi, kisha alinganishe jibu hilo na tarakimu iliyo katika hati yake.