"Kama kuna niliyemkwaza": hivi mastaa huwa wanamwomba radhi nani?

Leo sina habari za siasa. Nimekuja mpaka Mwanga, Kigoma mjini, nikalipia saa nzima ya intaneti, kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alisomea uandishi wa habari, akaenda fildi kwenye kituo kimoja cha utangazaji. Jina la kituo silitaji. Pale kulikuwa na mtangazaji ambaye sisi huku tulimwona kama mfalme, akianza kipindi hata bodaboda wanaongeza sauti. Wiki ya tatu jamaa akamwambia dada kwamba nafasi ya kusoma habari ipo, ila wakaizungumzie gesti jioni. Dada akakataa. Kesho yake jina lake halipo kwenye ratiba. Akaenda kwa mkubwa wa vipindi, akajibiwa: "Yule ndivyo alivyo, mzoee tu." Akarudi nyumbani. Sasa anauza mawese.

Miezi ikapita, jamaa akapiga simu. Hakumpigia dada, alimpigia mama mkubwa! Shikamoo nyingi, halafu: "Mama, kama kuna mahali nilimkwaza binti, naomba radhi." Mama mkubwa akasema yamekwisha, mwanangu. Dada alikuwa pale pale anachambua dagaa, hakuulizwa kitu.

Hilo neno "kama" ndilo limenileta hapa. Tangu siku ile nikisoma habari za mastaa wa TV waliokumbwa na kashfa za kuwanyanyasa wanawake kazini, naangalia vitu viwili: radhi inaombwa kwa nani, na kituo kilikuwa kinajua tangu lini.

Chukua Gregg Wallace wa Uingereza, mtangazaji wa MasterChef, kile kipindi cha mashindano ya kupika cha BBC. Novemba 2024 watu 13 walieleza maneno machafu ya ngono aliyokuwa akiyatoa kazini kwa miaka mingi. Desemba 1 akatoa video akidai wanaolalamika ni wanawake wachache wa tabaka la kati wenye umri fulani. Kelele zikawa nyingi, kesho yake akaomba radhi, akasema hakuwa sawa kichwani. Yaani aliomba radhi kwa ajili ya video! Yale ya kazini yakabaki pale pale. Julai 2025 ikatoka ripoti ya wanasheria: tuhuma 83, zilizothibitika 45, nyingi za kati ya 2005 na 2018. BBC ikaachana naye. Lakini huyu aliwahi kuonywa na bosi wa BBC mwaka 2017. Alionywa, akaendelea kuonekana kwenye TV miaka saba.

Japani ndiyo ilinishangaza zaidi. Masahiro Nakai, staa mkubwa kabisa kule, alituhumiwa kumdhalilisha kingono mtangazaji wa kike wa Fuji TV mwaka 2023. Wakubwa wa kituo walijulishwa mapema, kipindi cha staa kikaendelea mwaka na nusu. Desemba 2024 mambo yakavuja. Mkutano wao wa kwanza na waandishi walizuia kamera za TV, kituo cha TV hicho! Makampuni kama Toyota yakaondoa matangazo. Ndipo ukaitishwa mkutano mwingine Januari 27, 2025, ukachukua zaidi ya saa kumi, mwenyekiti na rais wa kituo wakajiuzulu. Nakai alikuwa ameshatangaza kustaafu siku nne kabla. Mwezi Machi kamati huru ikasema ule ulikuwa ukatili wa kingono uliotokana na kazi. Mawakili wa Nakai wakaipinga.

Msiseme hayo ni ya wazungu na Wajapani. Hapo Nairobi, Machi 2021, watangazaji watatu wa Homeboyz Radio walikuwa wanajadili hewani kesi ya binti aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12, wakamgeuzia kibao yeye, kwamba wasichana wanajirahisisha. Hii haikuwa ya kumtaka mtu ofisini, ni maneno ya hewani, nakubali. Ila angalia mpangilio. Watu walipiga kelele, kampuni ya bia ya EABL ikasitisha matangazo, na ndani ya siku chache watatu hao wakafukuzwa. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikakitoza kituo faini ya shilingi milioni moja ya Kenya na kukifungia kipindi miezi sita.

Mimi nasoma hivi: staa na kituo wanamwomba radhi yule anayeshika pesa. Mdhamini akinyamaza, binti wa fildi hana pa kusikika, kwa sababu hana mkataba, hana mshahara, na anayemsainia karatasi za chuo ni rafiki wa huyo huyo staa.

Wapo watakaonijibu kwamba aliyeomba radhi asamehewe. Sawa, lakini nenda Ujiji kamuulize ustaadhi yeyote: haki ya mtu huimalizi kwa toba peke yake, lazima umwendee mwenyewe uliyemdhulumu. Mwenyewe, si mama yake.

Na sheria tunayo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, ilimweka hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au haki ya mtu: faini isiyozidi milioni tano, au jela isiyozidi miaka mitatu, au vyote. TAKUKURU wanapigiwa bure 113. Dada alikuwa hajui. Na mimi niliyemaliza kidato cha nne sikufundishwa hilo popote.

Juzi nilimuuliza angetaka jamaa afanye nini hasa. Alifikiri kidogo, akafunika dumu la mawese.

"Aende pale pale ofisini," akasema, "mbele ya wale waliokuwa wanacheka, aseme alichoniambia. Asiseme kama."