WATU WENGI, MSHAHARA WA MTU MMOJA



Siku hizi twaambiwa kila mahali kwamba watu wamezidi. Mwezi wa Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba dunia imefikia watu bilioni 8. Hapa Kenya hesabu ya 1962 ilipata watu milioni 8.6, ile ya 2019 ilipata milioni 47.6. Mji wetu wa Nakuru ulikuwa na watu yapata 38,000 mwaka 1962, na mwaka 2019 wakapita 570,000, ingawa ni kweli mipaka ilipanuliwa. Hatuzikatai hesabu hizo. Akaaye Kaptembwo au Rhonda hana haja ya kuonyeshwa karatasi, azijua kwa foleni ya mitungi.

Tunalokataa ni neno lifuatalo, yaani kwamba mfanya kazi ajilaumu mwenyewe kwa kuzaa mno. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani. Uchunguzi wa 2022 wasema 3.4. Wake na waume wamekwisha fanya sehemu yao. Je, wenye mali wamefanya yao?

Wazee watakumbuka habari ya Kamati ya Carpenter. Mwaka 1954 ilishauri mshahara wa Mwafrika usihesabiwe tena kwa mtu asiye na mke wala mtoto, bali kwa mtu na jamaa yake. Nyumba za zamani za Bondeni na Kivumbini zilijengwa kwa hesabu ile ile ya mtu mmoja. Leo chumba hicho kina baba, mama, watoto, na pengine shemeji aliyekuja kutafuta kazi. Kisha twaitwa wengi!

Tazameni na Msitu wa Mau, ambako mito ya Njoro, Makalia na Nderit hutoka. Mwaka 2001 zilikatwa kama hekta 61,000 za msitu huo. Maskini wasio na shamba walitajwa sana, lakini ripoti ya kamati ya serikali ya 2009 ilionyesha kwamba wakubwa nao walijipatia vipande vyao, tena si vidogo. Ziwa Nakuru limefurika likameza hata lango la mbuga, lakini maji yake ni ya magadi, hayanyweki.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo au fedha za kutosha za kodi. Kifungu cha 32 chataka maji safi kazini, na karibu na nyumba alizozitoa mwajiri. Twasema fedha hizo zihesabiwe kwa jamaa nzima, na atakaye kupanga uzazi apate zahanati bila kukatwa siku ya kazi.

Basi kabla ya mazungumzo ya mkataba, kila mjumbe wa tawi alete hesabu tatu: watu wangapi wamo chumbani, kodi ni kiasi gani, na mtungi wa lita 20 wauzwa bei gani mtaani kwake.