Taka mbichi zisipande trekta

Ninapika chakula kando ya barabara kuu hapa Mikumi, upande yanapopita mabasi ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma. Kila jioni jiko langu huniachia uchafu wa aina mbili. Kuna maganda ya ndizi na viazi, majani ya nje ya kabichi, ukoko wa wali na mifupa. Halafu kuna chupa za maji, vifuko vya nailoni, maboksi, makopo, na pampasi ambazo akina mama walioko safarini hawana pengine pa kuziacha. Katika miji yetu mingi vyote hivi huingia kwenye kiroba kimoja, kiroba hutupwa kwenye kizimba kimoja, na kizimba husubiri trekta moja. Tatizo letu la taka huanzia kwenye kiroba hicho.

Ninachodai ni hiki: taka mbichi zisipande trekta kabisa. Kinachooza kiishie kitongoji kilekile kilikotoka, kiwe mboji au chakula cha mifugo, na fedha kidogo tulizonazo za kuzolea taka ziende kwenye vile visivyooza.

Tupige hesabu pamoja. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu duniani ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Chukua kitongoji cha watu 1,000: hizo ni kilo 460 kila siku. Katika miji ya Tanzania zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni mabaki ya chakula na majani. Kwa hiyo kitongoji hicho kinachoma mafuta kila siku kusafirisha zaidi ya kilo 230 za kitu ambacho sehemu yake kubwa ni maji, ili kikamwagwe porini kioze huko badala ya kuozea nyumbani kwa faida.

Na hizo kilo 230 ndizo zinazoleta balaa lote la kizimba. Chupa tupu inaweza kumsubiri mzoaji wiki mbili bila kumsumbua jirani, lakini maharage yaliyochacha hayasubiri siku mbili. Yakichanganywa na maboksi na chupa, yanaharibu hata kile ambacho kingeuzwa. Vijana wanaookota makopo na chupa hapa mjini wanalijua hili vizuri, kwa sababu mnunuzi hupunguza bei akiona mzigo umelowa uchafu, na wao ndio wanaochimbua kwa mikono mitupu katikati ya funza. Mwenye kutenganisha jikoni kwake anampandishia kijana huyo kipato na kumpunguzia maradhi kwa wakati mmoja.

Ripoti hiyohiyo ya Benki ya Dunia ilisema nchi za kipato cha chini hukusanya karibu asilimia 48 ya taka mijini, na asilimia 26 tu nje ya miji. Miji ya wilaya yetu, Mikumi na Kilosa, iko katikati ya namba hizo mbili. Tuna msongamano wa mji, tuna stendi, soko na nyumba za wageni, lakini mapato yetu bado ni ya vijijini. Mji wa namna hii ukijaribu kuiga mfumo wa jiji kubwa, wa kuzoa kila kitu na kukipeleka mbali, utashindwa kila mwezi.

Mikumi ina sababu ya ziada. Tunapakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inapita ndani yake kwa takribani kilometa 50. Abiria wengi wameona nyani waliokaa pembeni ya lami wakisubiri. Hawakuzaliwa na tabia hiyo. Tumewafundisha sisi kwa maganda na mabaki yanayorushwa madirishani. Nyani anayefuata ganda la ndizi barabarani hugongwa, na mnyama anayekuja kula mzoga wake naye hugongwa. Mfuko wenye harufu ya chakula huliwa pamoja na chakula chenyewe. Mji uliokaa mlangoni mwa hifadhi na kumwaga vyakula kwenye jalala la wazi unawaita wanyama waje karibu na watoto wetu, kisha unalalamika wamefika.

Kilosa mjini sababu ni maji. Mto Mkondoa uliifundisha wilaya hii somo zito mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, pale mafuriko yalipowaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata reli ya kati kuelekea Gulwe. Sisemi taka ndizo zilizoleta mafuriko yale. Yalitokana na mvua kubwa, na mto uliobeba maji na mchanga wa milimani. Lakini kila masika, hata mto usipofurika, mvua ya kawaida huingia majumbani pale mtaro ulipozibwa na viroba vya taka, na maji yanayosimama humo huzaa mbu na kusambaza vinyesi. Mji wa bondeni hauwezi kumudu mtaro mmoja uliogeuzwa jalala.

Sheria haijatunyima chochote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha aina za taka pale zinapozalishwa, na kuzishirikisha sekta binafsi na asasi za kiraia. Imepita miaka zaidi ya 20. Kinachokosekana ni sheria ndogo zinazotekelezwa, na mahali pa kupeleka kile kilichotenganishwa. Nani ataendelea kuweka ndoo mbili jikoni ikiwa mzoaji akifika anazimimina zote kwenye tela moja? Nimeshuhudia jambo hilo, na nimeona majirani wakikata tamaa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo tuanze na mahali pa kupeleka. Kila kitongoji kitengewe eneo dogo la mashimo ya mboji, lenye uzio na kivuli. Utaalamu wake hautoki mbali. Unatandika majani makavu, unaweka tabaka la mabaki mabichi, unatia samadi kidogo na udongo, unanyunyizia maji, unafunika, kisha unageuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi kama mitatu unapata kitu cheusi kisichonuka, ambacho mwenye bustani ya mchicha atakifuata mwenyewe. Hapa Mikumi kifuniko ni lazima, kwa sababu ya nyani. Pale Ilonga, karibu kabisa na Kilosa mjini, tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI na chuo cha kilimo. Wanafunzi wake wanaweza kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye mashimo ya vitongoji vyetu. Hapa Mikumi tuna chuo cha VETA. Vijana wanaojifunza kuchomelea wanaweza kututengenezea matoroli na vizimba vyenye vyumba viwili, kimoja cha taka mbichi na kimoja cha kavu.

Mabaki mengine yaende kwa wafugaji. Mimi hutenga ya kwangu kwenye ndoo yenye kifuniko, na jirani mfugaji wa nguruwe huifuata jioni. Tumekubaliana jambo moja: nyama haiingii humo bila kuchemshwa upya, kwa kuwa mabaki ya nyama ya nguruwe ni njia mojawapo ya kusambaza homa ya nguruwe ya Afrika, na homa hiyo haina tiba. Makubaliano ya namna hii hayahitaji bajeti. Yanahitaji majirani wanaozungumza.

Wapo wanaosema watu wetu hawatatenganisha. Nawakumbusha tarehe 1 Juni 2019, siku ambayo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Kabla yake tuliambiwa soko haliwezi kwenda bila rambo. Soko limekwenda. Wauzaji walipata mifuko mbadala, akina mama wakarudisha vikapu. Vifuko laini vya nailoni vimeanza kurudi pale usimamizi ulipolegea, lakini hilo linathibitisha haja ya usimamizi. Halithibitishi kwamba watu hawabadiliki. Tena kutenganisha si jambo geni kwetu. Nyumba nyingi za vijijini bado zina shimo nyuma ya jiko la kutupia maganda, na mgomba unaopandwa juu yake hustawi kuliko yote.

Wapo wanaouliza kama jambo hili limewahi kufanyika kwenye mji wa kawaida. Limefanyika. Katika Kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, asasi ya Nipe Fagio imeshirikiana na wakazi na kikundi cha wazoaji wanaopita nyumba kwa nyumba. Taka zinatenganishwa, mbichi zinageuzwa mboji, kavu zinachambuliwa na kuuzwa, na kinachobaki kwenda dampo ni sehemu ndogo. Bonyokwa ni makazi ya watu wa kipato cha kawaida kama sisi. Moshi nayo imejenga jina lake la usafi kwa sheria ndogo ambazo kila mkazi anajua zitamgusa akitupa taka ovyo.

Swali la nani alipe ni la haki. Mama anayeuza vitumbua asibebeshwe mzigo sawa na nyumba ya wageni yenye vyumba 30. Napendekeza sheria ndogo ianze na wazalishaji wakubwa: mahoteli, migahawa kama wangu, masoko, stendi na shule. Anayetenganisha alipe ushuru mdogo; anayechanganya alipe zaidi, kwa sababu anaongeza uzito wa safari. Ushuru huo uwalipe kwanza wazoaji, wenye maguta na matoroli, na uwanunulie glavu na buti kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Wanaopita nao wahusike. Mabasi na malori hutuletea riziki, na hilo nalishukuru kila siku. Lakini abiria anayekula ndani ya basi hana pa kuweka ganda zaidi ya dirishani. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inaweza kuweka sharti kwamba kila basi la masafa marefu liwe na chombo cha taka chenye kifuniko, na kwamba kondakta atangaze kabla ya kuingia hifadhini kuwa hakuna kutupa kitu nje. Chombo hicho kimwagwe stendi, kwenye kizimba chenye vyumba viwili, na mwenye basi achangie gharama yake.

Siipuuzi Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi. Hayati Rais Magufuli alipoigeuza sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 2015, kuwa siku ya kufanya usafi, wengi tulitoka na mafagio na mitaro ilionekana tena. Lakini kufagia mara moja kwa mwezi hakuwezi kushinda jiko linalowaka kila siku. Tuitumie Jumamosi hiyo kuchimba mashimo, kugeuza mboji na kukagua vizimba, badala ya kukusanya rundo la mchanganyiko na kulichoma moto. Moshi wa plastiki ni sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto tuliowaambia wabebe mafagio.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na mipango yake hutakiwa kuanzia chini, kwenye mikutano ya vijiji na vitongoji. Ndugu zangu wa Mikumi, Kilosa, Kimamba, Ulaya na Rudewa, mkutano ujao ukiitishwa tusiende kuuliza trekta litakuja lini. Twende tukadai jibu la swali moja, liandikwe kwenye muhtasari na lisomwe tena mkutano unaofuata: shimo la mboji la kitongoji chetu litakuwa wapi, na nani ataanza kulichimba?