Msiyaite Magugu

Ukishuka matatu Changamwe ukaelekea Port Reitz, tazama kando ya barabara, kati ya malori na mitaro. Yale majani marefu yanayompita mtu kimo baada ya mvua, watu huyaita magugu. Hufyekwa, huchomwa, au hunyunyiziwa dawa. Mimi yalinilipia karo.

Nyanya yangu alikuwa na ng'ombe wawili wa kufungiwa huko Chaani. Kila alfajiri nilitoka na mundu na kamba, nikarudi na mzigo kichwani. Maziwa yaliuzwa mlangoni, na pesa hizo ndizo zilizonipeleka chuo. Halafu siku moja majani pale tulipozoea kukata yakawa manjano. Dawa ilikuwa imepigwa na hakuna aliyetuambia. Nyanya akaogopa, na hakukosea. Tukaanza kununua marobota ya nyasi kavu. Kufika Desemba ng'ombe mmoja ameuzwa; kufika Machi, wa pili. Chuo nikaacha mwaka wa pili. Sisemi ni dawa peke yake. Nasema hesabu ilianza kuharibika hapo.

Sasa sikia kinachoniuma. Majani hayo ni Panicum maximum, siku hizi wanasayansi huyaita Megathyrsus maximus, na kwao ni Afrika. Mwaka 1967 watafiti Wafaransa walikusanya mbegu zake karibu na Korogwe, Tanga; ukipanda basi Mombasa asubuhi, jioni umeshafika. Mbegu zikaishia Brazili. Shirika la utafiti wa kilimo la huko, Embrapa, likazipanda, likachagua, na mwaka 1993 likawapa wafugaji aina mpya kwa jina la Mombaça. Ndiyo, Mombasa kwa Kireno. Leo ng'ombe wa Brazili wananenepa kwa majani yenye jina letu, na mbegu zake zinauzwa mpaka hapa Kenya.

Yaani yakiwa ndani ya pakiti ni teknolojia, yakiwa Changamwe ni uchafu.

Najua mtanijibu: ile ya pakiti imechaguliwa kwa ubora. Sawa, lakini ilichaguliwa kutoka huku kwetu, na watu waliojisumbua kuyatazama majani badala ya kuyachoma. Mtasema pia kwamba yanaziba kona, madereva hawaoni, yanaficha nyoka na mifuko ya plastiki. Kweli kabisa. Basi yafyekwe, nani amekataa?

Lakini fyekeni, msinyunyize. Tangazeni siku mapema, wenye mifugo waje wachambue plastiki na kubeba bure. Barabara itakuwa safi na hakuna atakayelipwa kuyachoma. Na utafiti usiachiwe wageni: kituo cha KALRO kiko Mtwapa, hakiko Brazili.

Mundu wa nyanya bado umechomekwa juu ya mlango. Tuambieni siku tu.