Unene wa Kitabu cha Kompyuta Usimdanganye Mnunuzi

Kwenye meza za vitabu vya mitumba, iwe Dar es Salaam au Nairobi, vitabu vya kompyuta vinajitambulisha kwa unene. Kurasa 900, kurasa 1,100, jalada linalong'aa, na nyuma yake mara nyingine bado imebandikwa CD ambayo laptopu za leo hazina hata pa kuiingiza. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayetaka kujifunza kuandika programu anavipima kwa mkono, anaona bei ni ya kutupa, anaondoka na kimoja kizito akiamini kapata mali. Mara nyingi kabeba karatasi tu. Wala si kosa lake, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba vitabu vya fani hii havizeeki kwa kasi moja: kimoja cha mwaka 1988 kinaweza kumfaa leo, na kingine cha mwaka 2010 kikampoteza kabisa.

Hicho cha 1988 kipo kweli, nacho ni chembamba. Brian Kernighan na Dennis Ritchie, wote wa maabara za Bell nchini Marekani, walitoa kitabu chao cha lugha ya C mwaka 1978, na toleo la pili likafuata miaka kumi baadaye likiwa na kurasa 272 tu. Ritchie ndiye aliyeiunda lugha yenyewe. Ile desturi ya kila mwanafunzi kuanza na programu fupi ya kuisalimu dunia ilienezwa na kitabu hicho. Yapo machache ndani yake yaliyopitwa na wakati, kama amri ya gets ya kupokea maandishi, ambayo kiwango rasmi cha C cha mwaka 2011 kiliifuta kwa sababu haina namna ya kuzuia maandishi marefu yasifurike kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hata hivyo, anayekisoma kwa makini leo anaielewa C, na anaelewa jinsi mashine inavyohifadhi vitu.

Upande wa hifadhidata hali ni hiyo hiyo. Mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Miaka minne baadaye wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali, ndiyo iliyozaa SQL ya leo. Kitabu cha Chris Date kuhusu mifumo ya hifadhidata kilitoka mara ya kwanza mwaka 1975 na kikaendelea kurekebishwa hadi toleo la nane. Mwanafunzi akiokota nakala ya miaka ya tisini ya kitabu cha aina hiyo, atakosa baadhi ya amri zilizoongezwa baadaye, lakini kanuni za kupanga majedwali atazikuta zilezile zinazotumika sasa.

Kanuni hizo zina kazi hata shuleni. Chukua shule inayotunza matokeo ya mitihani katika jedwali moja, na kila mstari una jina la mwanafunzi, somo, alama, jina la mzazi na namba yake ya simu. Mwanafunzi mwenye masomo tisa na mihula sita atakuwa na mistari 54, na namba ya mzazi imeandikwa mara 54. Mzazi akibadilisha laini, karani anarekebisha mistari anayoiona, mingine inabaki na namba ya zamani, na ujumbe wa ada unakwenda kwa mtu asiyehusika. Kitabu kizuri cha hifadhidata kinamwonyesha msomaji tatizo hilo kwanza, kisha kinamwongoza kuligawa jedwali: wazazi kwao, wanafunzi kwao, matokeo kwao, na ufunguo unaowaunganisha. Kitabu kibaya kinaanza na picha za vitufe vya kubonyeza katika programu fulani ya kampuni fulani, toleo ambalo halipo tena sokoni.

Hapo ndipo palipo na mpaka wa kuangaliwa. Kinachofundisha msingi kinaishi muda mrefu. Kinachofundisha chombo kinaishi kadiri chombo kile kinavyoishi, na kikipitwa hakiwi kitu kisicho na faida tu, kinaweza kuleta hasara.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni PHP, lugha iliyotumika kujenga WordPress na tovuti nyingi za shule, makanisa na biashara ndogo. Vitabu vingi vya PHP vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilifundisha kuunganisha tovuti na hifadhidata kwa amri zinazoanza na mysql_. Toleo la 5.5, lililotoka mwaka 2013, lilianza kuwaonya watumiaji waziache, na toleo la 7.0 la Desemba 2015 likaziondoa kabisa. Msomaji wa kitabu hicho akiandika mfano neno kwa neno kwenye seva ya sasa, ukurasa unakataa. Hiyo ni nafuu. Ubaya zaidi umo katika mtindo uliokuja na amri hizo. Fomu ya kuingia inapokea jina la mtumiaji, kisha programu inachukua kilichoandikwa na kukigandisha moja kwa moja katikati ya swali la SQL. Mtu mwenye nia mbaya haandiki jina. Anaandika alama ya kunukuu, neno OR, halafu sharti ambalo ni kweli siku zote, kama moja ni sawa na moja. Hifadhidata inalisoma sharti lile kama sehemu ya amri, inaona ni kweli, inamfungulia mlango bila neno la siri.

Dawa yake inajulikana, na kila kitabu cha kisasa cha PHP kinapaswa kuwa nayo tangu ukurasa wa kwanza unaogusa hifadhidata: swali linatumwa peke yake likiwa na nafasi zilizoachwa wazi, na maneno ya mtumiaji yanafuata baadaye kama data tupu, hayawezi tena kugeuka amri. Maneno ya siri nayo yana habari yake. Vitabu vya zamani vilishauri yafichwe kwa md5, njia ambayo ni nyepesi mno kwa kompyuta kiasi kwamba mdukuzi anajaribu makisio mengi ajabu kwa muda mfupi. Toleo lilelile la 5.5 lilileta password_hash, iliyofanywa ya polepole kwa makusudi ili kumchosha mdukuzi. Kijana aliyejifunza kwa kitabu cha mwaka 2006, akaajiriwa na zahanati ya mtaani kuitengenezea mfumo wa wagonjwa, anaweka siri za watu barazani, naye hana habari.

Python nayo ina mtego wake, mdogo lakini unakatisha tamaa. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008 likabadilisha mambo ya msingi, na toleo la 2 likaacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Katika vitabu vya zamani neno print linafuatwa na maandishi bila mabano. Katika Python ya leo mabano ni lazima. Anayeanza anaandika mstari wake wa kwanza kama ulivyo kitabuni, kompyuta inamwambia kakosea sarufi, anarudia mara mbili tatu, anahitimisha kwamba kichwa chake hakiwezi mambo haya. Kitabu kiligoma, mtu akajilaumu. Kasoro hii ni rahisi kuikamata dukani kwa kufungua sura ya kwanza, kutazama neno print na kuona kama mabano yapo.

Kwa vitabu vya kutengeneza kurasa za wavuti, macho yatafute vitu vingine. Ukiona font imetumika kupaka maandishi rangi, kirudishe mezani, maana kiwango cha HTML cha mwaka 1999 kilikwisha kuishauri dunia iachane nayo. Ukiona sura nzima ya Flash, ujue teknolojia hiyo ilisitishwa rasmi mwisho wa mwaka 2020. Ukiona ukurasa mzima unapangwa kwa majedwali na hakuna mahali panapotaja mbinu za flexbox wala grid, mwandishi alifikiria skrini pana ya mezani, ilhali wasomaji wa tovuti zetu wengi wameshika simu. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa siku kumi, ilipata marekebisho makubwa mwaka 2015. Kitabu ambacho hakijui let na const kimebaki nyuma ya mstari huo.

Mbali na umri, kuna ubora, na ubora hauonekani kwenye jalada. Mazoezi ndiyo kipimo cha kwanza. Kitabu kisicho na maswali mwishoni mwa sura kinasomwa kama gazeti, na programu haijifunzwi kwa kusoma tu. Lazima mtu aandike kwa vidole vyake, aharibu, atafute kosa lilipo. Kipimo kingine ni jinsi mwandishi anavyoyachukulia makosa yake mwenyewe. Donald Knuth, ambaye juzuu la kwanza la kazi yake kubwa kuhusu sanaa ya programu lilitoka mwaka 1968, alikuwa akimlipa msomaji wa kwanza kugundua kosa dola 2.56, yaani senti 256, namba inayopendwa na watu wa kompyuta. Kitabu cha Knuth hakimfai anayeanza, kimejaa hisabati. Tabia yake ndiyo ya kutafutwa kwa waandishi wengine: mchapishaji mwenye heshima huweka hadharani orodha ya makosa yaliyogunduliwa, na mnunuzi anaweza kuitafuta kabla hajatoa pesa.

Vile vitabu vinavyoahidi lugha nzima kwa saa 24 au siku 21 navyo vinastahili kuachwa mezani. Peter Norvig, mtaalamu wa akili mnemba, aliandika mwaka 2001 makala inayojulikana sana akivijibu: yeye alipendekeza miaka kumi. Wengine hukosea kwa kwenda upande wa pili, wakimpa anayeanza kitabu cha misingi ya programu cha Abelson na Sussman wa chuo cha MIT kwa sababu kinasifiwa duniani. Sifa zake ni za kweli, ila ni kitabu cha pili au cha tatu. Aliyekianza mapema amekwama kwenye hisabati kabla hajaandika programu hata moja ya kumhesabia mauzo ya duka la mama yake.

Kuna wanaosema siku hizi kitabu cha nini, wakati akili mnemba inaandika programu kwa kuombwa tu. Inaandika, ndiyo. Inaweza pia kuandika lile swali la SQL lililogandishwa kizembe, na asiyejua msingi atalipokea kwa shukrani.

Habari njema ni kwamba vitabu bora vya kuanzia vinapatikana bure kwenye intaneti kwa ridhaa ya waandishi wenyewe. Marijn Haverbeke ameweka hivyo kitabu chake cha JavaScript, ambacho toleo lake la nne ni la mwaka 2024. Al Sweigart ameweka cha Python kwa watu wanaotaka kompyuta iwafanyie kazi za kuchosha za ofisini. Mwongozo rasmi wa hifadhidata ya PostgreSQL unapatikana bure, na umeandikwa vizuri kuliko vitabu vingi vya kuuzwa. Kwa hiyo chuo kinachogawa madesa yaliyofotokopiwa kutoka kitabu cha mwaka 2003 hakina kisingizio cha bajeti. Mtu mmoja mwenye bando anaweza kupakua hivi vyote kwa mchana mmoja, akaviweka kwenye kompyuta zote za maabara na kwenye flashi za wanafunzi, bila kuvunja sheria ya mtu. Bajeti ya maktaba itumike kwa vile vichache vya misingi ambavyo havipatikani bure, nakala nyingi za kitabu kimoja kizuri badala ya nakala moja moja za vitabu thelathini.

Kitabu kingine cha bure kina historia inayotuhusu. Mwaka 1999 Allen Downey, mwalimu wa chuo nchini Marekani, alichoka kuona wanafunzi wake wakifeli somo la Java. Vitabu vilikuwa vinene mno na wanafunzi hawakuvisoma. Wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa akaamua kuandika chake, sura moja kwa siku kwa siku 13, kifupi kiasi cha mtu kukimaliza, akakitoa kwa leseni inayomruhusu yeyote kukinakili na kukibadilisha. Jeff Elkner, mwalimu wa sekondari huko Virginia, akakichukua, akakigeuza kutoka Java kwenda Python, akamtumia Downey nakala. Downey anaeleza kwamba alijifunza Python kwa kusoma kitabu chake mwenyewe.

Kitabu hicho, Think Python, sasa kimefikia toleo la tatu, na leseni yake bado inaruhusu mtu kukitafsiri na kukirekebisha mradi asikiuze. Istilahi za Kiswahili za kompyuta si jangwa tena. Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili kwenye menyu zake, kazi ya maneno imekuwa ikisogea. Kinachokosekana ni kitabu kamili cha kuanzia, chenye mifano ya ada za shule, miamala ya simu na mauzo ya genge, na chenye mabano kwenye print. Mwalimu wa kompyuta wa Morogoro au Eldoret anayetaka kukianza ana ruhusa mkononi tayari, na sura ya kwanza ni fupi.