Kupe wa Zizini na Papasi wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Tanga, Muheza na Pangani, ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye ada ya shule na ndiye kitoweo cha jioni. Akifa kwa ndigana kali, nyumba nzima huyumba. Na mara nyingi wenyewe walikuwa wakimkagua kila siku, tumbo na miguu, wakasahau ndani ya sikio.

Huko ndiko anakopenda kukaa kupe wa ndigana kali, mdogo, wa rangi ya hudhurungi. Yule mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni na miguu yenye pingili nyeupe, akaaye kwenye kiwele na mapajani, huleta maji moyo. Yule wa samawati, ambaye jike lake likishiba hufanana na mbegu ya mbarika, huleta ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Basi mganga wa mifugo akiuliza kupe alikuwa wapi mwilini, ajibiwe kwa makini.

Dalili za mwanzo za ndigana kali ni homa na kuvimba kwa matezi ya chini ya sikio na mbele ya bega. Kuhema kwa shida na povu puani huja baadaye, wakati dawa imekwisha kupungukiwa nguvu. Ng'ombe chotara hana ustahimilivu wa zebu wetu. Chanjo ipo, nayo ni ya namna yake: mnyama hudungwa vimelea hai, na papo hapo hupewa dawa ya kuvizuia visimzidi nguvu. Hata hivyo aliyechanjwa aendelee kuogeshwa, kwani chanjo hiyo haizuii maji moyo.

Ndigana kali haimpati mwanadamu, lakini kupe wa miguu ya pingili aweza kumwachia mtu homa, maumivu ya kichwa na kidonda chenye kigaga cheusi alipouma. Mbuzi wa Idd akishaletwa kutoka mnadani, watoto humkumbatia mchana kutwa. Jioni watazamwe kwapani, nyuma ya masikio na kinenani. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu bila kuzungushwa, kisha pahali pale paoshwe kwa sabuni. Mafuta ya taa na njiti ya moto tuviache jikoni.

Papasi ni mwingine kabisa. Hana ngao mgongoni, wala hagandi mwilini kwa siku nyingi. Hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, akashiba, akarudi ufani kabla aliyeumwa hajaamka. Mwaka 1905 Robert Koch alimkuta katika vibanda vya kulala misafara hapa nchini. Homa yake hupanda siku chache, hutoweka, kisha hurudi, na mja mzito aweza kupoteza mimba kwayo. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Huonekana kwa darubini, damu ikichukuliwa homa ikiwa juu. Kwa hiyo aliyetoka safari za bara, kama vile Dodoma, akapatwa na homa ya kwenda na kurudi, amweleze daktari alilala nyumba ya namna gani.